Namna ya Kutoa Maoni Yanayojenga kwa Picha za Farasi Zilizounganishwa kwa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Picha ya kuunganisha hutengenezwa kwa kumkata farasi kutoka picha moja, kumpeleka kwenye mandhari ya picha nyingine, kumchorea upya manyoya ya shingo na mkia, kubadili mwanga, na mara nyingine kumwongezea mabawa au pembe. Wengi wanaoifanya ni vijana waliojifunza wenyewe kwa programu za kuhariri picha kama Photoshop, GIMP, Krita au Photopea, na kazi moja huweza kuwalia usiku kadhaa. Wakishaitundika mtandaoni, majibu huja ya aina mbili: "Kali sana!" na "Mbona miguu imekaa vibaya?" La kwanza linafurahisha na la pili linauma, ila hakuna hata moja linalomweleza msanii afanye nini atakapolifungua tena faili lake.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuandika jibu la aina ya tatu. Maoni yanayofaa yana mambo matatu: yanataja mahali hasa kwenye picha, yanatoa sababu ambayo msanii anaweza kuihakiki kwa macho yake mwenyewe, na yanapendekeza kitendo kimoja cha kufanya. Kikikosekana kimoja, msanii hubaki anabahatisha. Nimeziandika hatua kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na sehemu ya mwanga nimeirefusha makusudi kwa sababu huko ndiko picha nyingi za farasi zinakoharibikia.

Hatua ya 1: Jua msanii alikusudia nini

Soma maelezo yake kabla ya kuichambua picha. Je, ameomba maoni? Wapo wanaoweka kazi zao kwa kufurahi tu na marafiki, na kumshushia mtu kama huyo uchambuzi mrefu ni kumvamia. Kama ameomba, ameomba kuhusu nini? Aliyeuliza kuhusu manyoya ajibiwe kwanza kuhusu manyoya, hata kama wewe umeona kasoro kubwa zaidi kwingine. Utafika huko baada ya kumjibu alichouliza.

Angalia pia kama anataka picha ionekane ya kweli kabisa au ya kindoto. Farasi wa zambarau mwenye pembe inayong'aa hana kosa kwa kuwa hayupo duniani. Lakini hata farasi wa kindoto ana uzito, na kama kuna mwezi nyuma yake, ana kivuli. Mabawa yanaweza kuchambuliwa vilevile: yanaota wapi? Yakiota katikati ya mgongo, pale ambapo tandiko lingekaa, jicho hukataa, kwa maana bawa ni kiungo kizito na linahitaji kuonekana limeshikwa na mfupa na misuli ya bega. Hayo ni maoni yanayoiheshimu ndoto ya msanii na kuifanya isadikike.

Kama maelezo hayapo, uliza swali moja fupi: "Ulitaka ionekane asubuhi au jioni?" Jibu lake litakuokoa usimshauri kinyume cha alichokitaka.

Hatua ya 2: Tazama kwa utaratibu kabla hujaandika neno

Ifungue picha kwa ukubwa wake kamili, kisha ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Ikiwa ndogo hivyo huoni manyoya wala macho. Unaona maumbo na mwanga tu. Farasi akionekana kama kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya mandhari, tatizo liko kwenye mwanga au rangi, si kwenye vitu vidogo.

Halafu igeuze kushoto kuwa kulia. Macho yetu huizoea picha haraka, na kuigeuza huyafanya yaitazame upya. Shingo iliyorefushwa mno au farasi anayeegemea upande mmoja hujitokeza papo hapo. Baada ya hapo iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, ulinganishe weusi wa vivuli vya farasi na weusi wa vivuli vya miti au miamba iliyo umbali uleule. Mwisho ongeza mwangaza mpaka sehemu za giza zifunguke. Hapo ndipo kingo zilizokatwa vibaya, mabaki ya mandhari ya zamani na alama za brashi zinapoonekana. Kasoro inayoonekana kwa mwangaza huo pekee, na haionekani kwenye picha yenyewe, iache. Hakuna mtazamaji atakayeiona.

Andika pembeni kila ulichokiona bila kukichuja. Kuchuja kuna hatua yake.

Hatua ya 3: Mjue farasi mwenyewe

Huwezi kumwambia mtu kwamba mguu umekosewa kama hujui mguu wa farasi ulivyo. Wengi wetu hatukukua tukiwaona farasi kila siku. Aliyeko Nairobi anaweza kwenda kuwatazama kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, na aliyekulia Lamu amewaona punda tangu utotoni. Punda anasaidia sana kwa viungo vya miguu, kwani yeye, pundamilia na farasi ni wa jenasi moja. Usimtegemee kwa manyoya. Ya shingo ya punda na pundamilia ni mafupi na husimama, na mkia wao una kishungi mwishoni tu. Ya shingo ya farasi huanguka upande, na mkia wake ni manyoya marefu kuanzia karibu na shina.

Kwa vipimo, anza na kichwa. Pima kutoka utosini hadi ncha ya mdomo. Kimo cha farasi mzima, kutoka ardhini hadi juu ya mabega, ni kama vichwa viwili na nusu, na urefu wa mwili kutoka kifuani hadi matakoni unakaribia huohuo. Ni kipimo cha kukisia ambacho wachoraji wamekitumia tangu zamani. Hubadilika kidogo kwa aina ya farasi, na hakifai kabisa kwa farasi anayeielekea kamera. Mtoto wa farasi ana miguu mirefu kuliko mwili wake, kwa hiyo usimkosoe msanii kwa hilo.

Kwenye miguu, goti la mbele hukunjika kwa kuupeleka ukwato nyuma. Kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma, ambacho wengi hukiita goti la nyuma, ncha yake hutazama nyuma, na kikikunjika sehemu ya chini huja mbele. Chini ya viungo hivyo viwili hakuna misuli: ni mfupa, kano na ngozi. Msanii akiuvuta mguu kwa zana ya kupinda picha, mara nyingi sehemu hiyo hunenepa au kujipinda kidogo kama mpira. Mwambie wazi ni mguu upi, na ni juu au chini ya kiungo gani.

Mwendo nao una kanuni zake. Farasi akitembea, kwato hugusa ardhi kwa mapigo 4. Akienda mchakamchaka ni mapigo 2, na miguu huenda kwa mkingamo: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto. Mwendo wa kati, kabla ya mbio zenyewe, una mapigo 3. Akipiga shoti ni mapigo 4 ya haraka, halafu kipindi kifupi cha kuelea hewani. Kwa karne nyingi wachoraji walidhani kuelea huko hutokea miguu ikiwa imenyooshwa, miwili mbele na miwili nyuma. Hivyo ndivyo mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alivyowachora farasi wa mbio za Epsom, Uingereza, mwaka 1821. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alimpiga picha farasi wa tajiri Leland Stanford kwa safu ya kamera, na ikadhihirika kwamba farasi huelea pale miguu yote minne inapokuwa imekusanyika chini ya tumbo. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu wasanii wengi hubadilisha miguu: huchukua mwili wa farasi mmoja na miguu ya mwingine. Ukiona farasi anaelea hewani huku amenyoosha miguu pande zote mbili, na hakuna kizuizi anachokiruka, una maoni yenye ushahidi wa picha tangu karne ya 19.

Kuna kosa moja ambalo wasiowajua farasi hawalioni kabisa, nami nahimiza lichunguzwe kila mara. Wasanii hupenda kumchukua farasi aliyepandwa, wakafuta hatamu, lijamu (chuma cha mdomoni), tandiko na mpandaji, ili abaki farasi wa porini. Vifaa vinaondoka, lakini mwili unabaki umekaa vilevile: shingo imekunjwa kwa mkono wa mpandaji, mdomo umefunguka kwa sababu ya chuma, mashavu yana mikunjo palipopita mikanda, na mgongoni kuna kiraka cha jasho chenye umbo la tandiko. Mtazamaji huhisi kuna kitu hakijakaa sawa ingawa hawezi kukitaja. Wewe kitaje: "Mdomo bado umefunguka kama unavuta lijamu, ufunge kwa kunakili midomo kutoka picha ya farasi aliyetulia."

Rangi ya manyoya nayo inafuata maumbile. Farasi wa kahawia mwenye manyoya meusi ya shingo na mkia huwa pia na miguu myeusi sehemu ya chini. Farasi mwekundu hana manyoya meusi ya shingo. Huwa mekundu vilevile au mepesi zaidi. Msanii aliyembadilisha rangi kutoka kahawia kwenda wekundu akaacha miguu myeusi ametengeneza farasi asiyekuwepo, pengine bila kujua. Na wale farasi wanaoitwa weupe wengi wao huzaliwa na rangi nyeusi au ya kahawia, wakapauka kadiri wanavyokua; ngozi yao chini ya manyoya ni nyeusi, ndiyo maana pua na kingo za macho huonekana za kijivu cheusi. Pua ya waridi kote kwa farasi kama huyo inahitaji sababu.

Kuhusu jicho na masikio, kwa kifupi: mboni ya farasi ni ndefu kwa ulalo, si duara kama yetu, na masikio yaliyolazwa nyuma kabisa ni ya hasira. Farasi aliyekusudiwa kuwa mpole huku amelaza masikio anahitaji masikio mengine.

Hatua ya 4: Tafuta jua liko wapi

Anza na mandhari. Vivuli vya miti vinaelekea wapi? Upande gani wa mawingu au mawe umeng'aa? Ukishajua, mtazame farasi: ubavu wenye mwanga ni upi, na kivuli cha taya kinaangukia upande gani wa shingo? Yakipingana, umeshalipata la kwanza la kuandika, na mara nyingi dawa yake ni rahisi: kumgeuza farasi, au kuigeuza mandhari, kushoto kuwa kulia. Lipendekeze hilo kabla ya kumwambia mtu apake mwanga upya, kwa sababu kupaka upya misuli ya farasi mzima ni kazi ya masaa mengi na ni wachache wanaoimudu.

Kuna mwanga mkali na mwanga laini. Farasi aliyepigwa picha saa sita mchana ana kivuli kikali chini ya tumbo na mng'ao mgongoni. Ukimpeleka kwenye ukungu wa alfajiri, alama hizo humfuata, na kuzifuta ni kazi ngumu. Hapa naamini ni vizuri kusema ukweli mapema: "Kwa mandhari hii tafuta picha ya farasi aliyepigwa siku ya mawingu." Kumshauri mtu abadilishe picha ya chanzo kunaweza kuonekana kukali, lakini kunamwokoa asitumie wiki nzima kurekebisha kitu kisichorekebishika.

Machweo yana mtego wake. Jua likiwa nyuma ya farasi, ubavu unaotutazama uko kivulini. Unapaswa kuwa na giza kuliko anga, na mwanga ubaki kama ukingo mwembamba kwenye mgongo, shingo, masikio na ncha za manyoya. Wasanii wengi huweka jua jekundu nyuma na kumwacha farasi aking'aa mbele kama aliyemulikwa na taa. Hata farasi mweupe si mweupe jioni. Sehemu zinazopigwa na jua hugeuka za machungwa au dhahabu, na zilizo kivulini huchukua buluu ya anga.

Mwanga pia hudunda kutoka ardhini. Farasi aliyepigwa picha kwenye nyasi ana ukijani hafifu tumboni na ndani ya miguu. Akihamishiwa mchangani au kwenye theluji, ukijani huo unabaki na kumsaliti msanii. Mshauri apunguze rangi ya kijani kwenye sehemu hizo tu, kisha aongeze kidogo rangi ya ardhi mpya. Ni marekebisho ya dakika chache, na matokeo yake hushangaza.

Vivuli vya farasi ardhini ni viwili, na wanaoanza huweka kimoja. Kuna kile chembamba na cheusi kabisa pale ukwato unapogusa ardhi, ambacho ndicho humfanya farasi aonekane amesimama badala ya kuelea. Na kuna kile kirefu kinacholala upande wa pili wa jua. Jua likiwa nusu ya safari kati ya upeo na utosi, kivuli hulingana na kimo cha mwenye kivuli. Likishuka zaidi hurefuka. Karibu na ukwato kingo zake ni kali, na kadiri kinavyokwenda mbali hulainika. Jua likiwa nyuma ya farasi, kivuli huja kwetu. Usikichanganye na taswira ya majini: kwenye maji au mchanga uliolowa, taswira hushuka wima chini ya miguu ya farasi popote jua lilipo, ilhali kivuli hufuata jua. Picha ya ufukweni inaweza kuhitaji vyote viwili, kila kimoja na mwelekeo wake.

Hatua ya 5: Pima mstari wa upeo wa macho

Sehemu hii huonekana ya kitaalamu, ila kipimo chake ni kimoja. Kwenye ardhi tambarare, mstari wa upeo hukata kila kitu kwa urefu uleule wa kamera. Farasi wa mbio ana kimo cha takriban mita 1.6 mabegani. Mpigapicha aliyesimama wima akishika kamera usawa wa macho ataupata mstari huo ukipita karibu na mabega ya farasi. Mstari ukipita magotini, kamera ilikuwa chini sana, na hapo tungeona tumbo vizuri, mgongo usionekane.

Basi mtazame farasi wa kwenye picha. Kama unaona juu ya mgongo wake, alipigwa kutoka mahali pa juu, labda jukwaani. Akiwekwa kwenye mandhari yenye upeo wa chini, ataonekana anateleza kutoka kwenye picha. Mwambie msanii ampandishe au amshushe mpaka upeo umkate panapostahili, au abadilishe ukubwa wake. Wakiwa farasi wawili wa kimo kimoja, mmoja mbali na mwingine karibu, mstari huo uwakate wote wawili mahali pamoja mwilini.

Hatua ya 6: Kingo, manyoya na kwato

Kingo zina makosa yanayojirudia. Utepe mweupe au wa kijani kumzunguka farasi ni mabaki ya mandhari ya zamani. Asogeze mpaka wa maski (kifuniko kinachoamua sehemu ipi ya picha ionekane na ipi ifichwe) ndani kwa pikseli moja au mbili. Kingo zilizokatwa kwa ukali sawa mwili mzima huonekana za mkasi. Farasi ana manyoya mafupi yanayolainisha ukingo, isipokuwa kwenye kwato na mifupa ya uso. Linganisha pia ukali wa picha mbili: farasi mkali sana juu ya mandhari yenye chembechembe, au kinyume chake, huonyesha kwamba vimetoka sehemu mbili.

Manyoya ya shingo na mkia ndiyo wasanii wanayoyajali zaidi, na ndiyo wanayoumia yakikosolewa, kwa hiyo kuwa mahususi. Yanaota kwenye mstari mmoja juu ya shingo, si ubavuni. Huenda kwa mafungu. Unywele mmojammoja huja mwishoni kabisa, juu ya mafungu yaliyokwisha kupewa mwanga na kivuli. Kila unywele ni mnene kwenye mzizi na mwembamba kwenye ncha. Na upepo ni mmoja: manyoya ya shingo yakielekea kulia, mkia ukielekea kushoto, na nyasi zimetulia, mtazamaji hajui aamini kipi.

Kwato ni rahisi kusahaulika. Kwenye nyasi, majani machache yapite mbele ya ukwato. Kwenye mchanga, ukwato uzame kidogo na utimue punje. Kwato zinazoonekana kamili zote nne juu ya nyasi ndefu ni dalili kwamba farasi amebandikwa.

Hatua ya 7: Uliza picha zilitoka wapi

Msanii wa picha za kuunganisha anategemea kazi ya wapigapicha. Kwenye DeviantArt, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2000, wapo wapigapicha wanaotoa picha za farasi zitumiwe bure kwa masharti yao, na sharti la kawaida ni kuwataja na kuweka kiungo. Leseni za Creative Commons, yaani vibali ambavyo mwenye kazi huvitumia kuwaruhusu wengine waitumie, nazo zina ngazi: ipo inayotaka jina tu, ipo inayokataza biashara, na ipo inayokataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, ambayo kwa picha ya kuunganisha haifai kabisa.

Ukiona vyanzo havikutajwa, usimtuhumu mtu hadharani. Mwandikie faragha: "Habari, naona hujataja chanzo cha picha ya farasi, ungeweka ili mpigapicha naye atambuliwe." Mara nyingi ni kutojua. Lakini usilinyamazie, maana mpigapicha aliyeamka alfajiri kumsubiri farasi naye ana haki.

Hatua ya 8: Chagua matatu, kisha andika

Orodha yako sasa ina mambo kumi au zaidi. Chagua matatu. Msanii akipewa kumi huvunjika moyo, au hushughulikia madogo kwa kuwa ni mepesi na kuyaacha makubwa. Weka kwanza aliloliuliza, kisha lile litakalobadilisha picha zaidi, kisha moja analoweza kulimaliza leo. Kwa anayeanza kabisa, hata mawili yanatosha.

Sifa nazo ziwe mahususi, kwa sababu zinamwambia msanii asibadilishe nini. "Nzuri sana" haimwambii kitu. "Ukungu ulioweka kati ya farasi na milima umetoa umbali" inamfanya ailinde sehemu hiyo anaporekebisha nyingine.

Tuchukue mfano. Dada mmoja ameweka kazi yake: farasi mweupe anapiga shoti ufukweni, jua linazama nyuma yake, manyoya amechora mwenyewe. Ameandika, "Naomba maoni, hasa kuhusu manyoya." Jibu lisilomsaidia ni hili: "Imetulia, ila mwanga sio. Jitahidi." Ninaloona linafaa ni hili:

"Hongera dada. Manyoya ya shingo yanaota mahali pake na yanapungua unene kuelekea ncha, usiyaguse. Yale ya mkia yananing'inia wima ilhali ya shingo yanapeperuka nyuma. Kwa kuwa yuko mbioni, mkia nao ungeinuka na kufuata. Jaribu kuchora upya mafungu makubwa matatu au manne ya mkia kwanza, nyuzi zije baadaye. La pili, jua liko nyuma yake lakini ubavu unaotutazama unang'aa kuliko anga. Weka leya (tabaka) ya kurekebisha mwangaza juu ya farasi peke yake, utie giza ubavu huo, uache ukingo mwembamba wa machungwa mgongoni na shingoni. La tatu, kivuli chake kinaelekea kwenye jua. Kigeuze kije upande wetu. Ukiwa na muda wa jambo moja tu, fanya la pili. Ukimaliza naomba nione."

Huenda kwenye picha hiyo pua nayo ni ya waridi mno na kwato hazijazama mchangani. Hayo yatasubiri toleo lijalo, na huenda kivuli kikishageuzwa kwato zenyewe zikaanza kuonekana sawa.

Namna ya kumwita mtu ina uzito. "Dada", "kaka" au "ndugu" vinatosha kwa usiyemfahamu. Kwa kijana mdogo "mdogo wangu" humtuliza kabla hajasoma kosa. Epuka "umekosea" pale unapoweza kuitaja picha yenyewe: "kivuli kinaelekea", "mguu wa nyuma wa kushoto umenenepa". Na ukiwa huna uhakika, sema "naona kama" kisha ueleze unachokiona, ili aweze kukupinga kwa sababu.

Hatua ya 9: Kuchora juu ya kazi ya mwenzako, na yanayofuata

Mara nyingine mstari mmoja mwekundu unaeleza kuliko aya nzima, hasa kwa mwelekeo wa jua au mpangilio wa mguu. Omba ruhusa kwanza. Ukipewa, chora mistari na mishale tu juu ya nakala ndogo, umtumie mwenyewe. Usimrekebishie picha yote. Ukifanya hivyo utakuwa umetengeneza kazi yako juu ya kazi yake, na yeye hatakuwa amejifunza namna ya kuifikia.

Akipinga ushauri wako, sikiliza sababu. Akisema aliutaka mwanga usio wa kawaida kwa makusudi, kubali, ila unaweza kuuliza kama kuna kitu ndani ya picha kinachomwonyesha mtazamaji chanzo cha mwanga huo. Akisema hajui kutumia maski, mwelekeze hatua moja ya maski na uache mengine.

Akirudi na toleo jipya, fungua yote mawili kwa pamoja, ukubwa uleule, na uanze kwa kutaja kilichobadilika: "Ubavu sasa uko kivulini kweli, na ukingo wa machungwa umemtenga na bahari." Kisha chukua orodha yako ya mwanzo, uone kilichobaki, umpe moja linalofuata.